Siku Niliyowapeleka Wakwe Kwenye Kaburi Langu

Nilijua kwamba nimekufa siku binti yangu alipokuja kunieleza habari za harusi yake. Alikuwa amekaa juu ya kreti tupu ya soda, nyuma ya duka la dobi ninakopiga pasi, akizungusha kamba ya mkoba wake kidoleni. Akasema, "Mama, Baba aliwaambia wakwe kwamba ulishafariki. Zamani, nikiwa mdogo."

Mezani nilikuwa na shati la mtu. Nililimaliza, kola na mikono yote miwili, nikalitundika. Ndipo nikamuuliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Marehemu mwenyewe awe wa mwisho kuambiwa?"

"Alisema ni moyo."

"Basi hapo hakudanganya sana," nikasema, nikachukua shati lingine.

Baba yake alinioa akiwa fundi wa mtaani, wa kutembea na spana mfukoni na kuitwa sinki linapoziba. Watu walimwita Bomba, na mimi nikawa mke wa Bomba. Nilikuwa nafua nguo za watu majumbani. Nyumba anayokaa leo, mchanga wake niliubeba mimi kichwani, na mimba ya binti huyu ikiwa tumboni. Kisha akaanza kupewa kazi za maghorofa, akaacha kutembea kwa miguu, akaanza kunionea aibu. Wageni wakija, ananiambia nikae jikoni. Nikikaa jikoni, anasema nimenuna. Mwishowe akaleta mwanamke anayejua kuongea na wageni, mimi akaniambia kuwa ni mkosi wa nyumba. Shukrani ya punda ni mateke. Nilitoka na mfuko mmoja. Mtoto alibaki, kwa sababu Bomba alisimama mlangoni akaniuliza, "Utamsomesha kwa maji ya kufulia?"

Miaka iliyofuata nilimwona binti yangu kupitia uzio wa shule wakati wa mapumziko, mpaka mlinzi akanizoea, akawa ananiita Mama wa Uzioni. Alipokua alinitafuta mwenyewe. Tukawa tunaonana hapo nyuma ya dobi, kwa siri, yeye kwenye kreti na mimi na pasi yangu. Nilidhani siri ile ilikuwa ya baba yake tu. Sikujua kwamba kuna watu wengine wote ambao kwao mimi nilishazikwa.

"Kwa nini hakusema tu kwamba tuliachana?" nilimuuliza siku hiyo.

"Watu wale wana utaratibu wao. Wangeuliza mliachana kwa nini. Wangetaka kukuona."

Hilo nalijua bila kuelezwa. Mgane huonewa huruma na kuletewa chakula. Mwanamume aliyefukuza mke huulizwa maswali. Bomba alichagua huruma.

"Lakini nataka uwepo, Mama," binti yangu akasema, na macho yakamlengalenga. "Siwezi kuolewa wewe hupo. Tumefikiria, mimi na Mama Mdogo. Utakuja kama yaya. Yaya aliyenilea."

Mama Mdogo ndiye huyo anayejua kuongea na wageni. Mimi humwita Bibie. Nilimtazama mwanangu vizuri. Alikuwa mweupe wa moyo kabisa. Alikuwa ananiletea zawadi. Waliomnyima mama malezi sasa wanampa kazi ya yaya wa mtoto wake mwenyewe, na mtoto anaona amefanya jambo jema.

Nilikubali. Anayeniona mjinga na azae kwanza, kisha achungulie mwanawe kwenye uzio, ndipo tuzungumze. Ila nilijua ninachokubali. Nikifunga mdomo, wajukuu wangu watazaliwa na bibi marehemu, na mimi nitakuwa mwanamke fulani anayekuja kuwasalimu na pipi mkononi. Nikifungua mdomo, wakwe watajua kwamba wamedanganywa tangu siku ya kwanza, na huenda wakamchukua kijana wao wakaondoka. Binti yangu alikuwa anampenda kijana yule. Hata mtu asiyejua mapenzi angeona.

Wageni wa upande wa bwana harusi walifika siku mbili kabla. Nyumba ya Bomba ilijaa mahema, viti vya kukodi, na sauti ya mtu anayejaribu kipaza sauti kwa kusema "moja, moja" kutwa nzima. Mimi nilikuwa jikoni, mahali pangu pa zamani, ingawa sinki lilikuwa jipya. Bibie akaingia na manukato yake.

"Dada," akasema, hajaniangalia, "kuna wageni hawataki kulala mchana. Bibi wa bwana harusi na mjomba wake. Wanataka kuuona mji. Wewe si unaujua?"

Nikamwambia naujua kwa milango ya nyuma. Ni kweli. Dobi wetu hufua nguo za hoteli, nami huzipeleka, na hakuna hoteli inayopokea mashuka kwa mlango wa mbele.

"Milango ni milango. Wapeleke kwenye yale maduka mapya ya ghorofa, yenye ngazi za umeme. Wapige picha. Usiwarudishe kabla ya saa kumi na moja." Akafika mlangoni, akageuka. "Na usiwachoshe kwa maneno."

Alitaka niwe mbali wakati ndugu wa Bomba wanafika, maana wao wananijua, na alikuwa bado hajawafunga midomo. Nikavua aproni.

Mtu akiniuliza leo awapeleke wapi wageni wa harusi katika mji mkubwa, ninalo la kumwambia, kwa sababu siku ile nililipia kujifunza. Mgeni wa harusi si mtalii. Mtalii amekuja kuuona mji. Mgeni wa harusi amekuja kuwaona ninyi, na mji anaupitia tu, akiwa na viatu vipya vinavyombana na wasiwasi wa nguo aliyoiacha imetundikwa. Usimpandishe mtu mzima mnara siku ya kwanza. Mpeleke mahali penye benchi, kivuli na watu wa kutazama. Soko liwe la mwisho, maana atakayenunua atabeba, na atakayebeba ni wewe. Na popote uendapo, jua choo kiko wapi kabla ya kujua historia ya mahali.

Kwa hiyo maduka ya Bibie niliyaacha. Niliwapeleka kwanza kwenye stesheni ya zamani ya reli, kwa sababu ina dari refu, upepo unapita, na hakuna anayekuuliza unangoja nini. Bibi alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu bado pamoja na umri wake, na fimbo ambayo aliitumia zaidi kuonyesha vitu kuliko kutembelea. Mjomba alikuwa mnene, mwenye kofia ya pama asiyoivua, na neno la kila jambo.

"Yaya, shika mkoba wangu kidogo," aliniambia tangu tulipoteremka kwenye teksi. "Mji huu naona unataka kuangusha kofia za watu. Kila ghorofa ninayoitazama, shingo inasema rudi nyumbani."

"Mwache Yaya," Bibi akasema. "Mkoba wako umejaa karanga tu."

"Karanga za safari, Mama. Msafiri asiye na karanga ni mkimbizi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu alfajiri. Tukakaa kwenye benchi chini ya dari lile, abiria wakipita na mabegi, na Bibi akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa, "Na kwa mama yetu tunakwenda saa ngapi?"

Nikauliza mama gani.

"Mama wa binti. Marehemu. Sisi kwetu hatuchukui msichana kabla ya kumsalimu aliyemzaa. Nilipoolewa, mama mkwe wangu alimfuata mama yangu shambani, akampokea jembe, wakalima tuta moja pamoja, ndipo wakazungumza. Huyu hawezi kufuatwa shambani. Basi tutamfuata alipo."

Nikasema kwanza tuuone mji, mchana makaburini kuna jua kali. Bibi akakubali kwa kichwa, lakini niliona hajasahau. Kuna watu wakiomba kitu mara moja hawakiombi tena, wanakingoja tu, na kukingoja kwao kunakukaba kuliko kuombwa.

Niliwapeleka kwenye jumba la makumbusho. Mle ndani mlikuwa na baridi na harufu ya dawa ya mbao. Mjomba alisimama mbele ya kiti cha mtawala fulani wa kale, akakitazama mbele na pembeni, akasema, "Kiti hiki hakina pa kuegemea. Ndiyo maana walikuwa wakali." Bibi hakukaa sana kwenye silaha wala vyungu. Alikwenda kwenye picha za zamani za ukutani, wanawake waliopangwa mstari, na kila mmoja alimtazama usoni. Akaniuliza, "Mama wa binti alikuwa anafananaje? Wewe si ulikuwepo?"

"Alikuwa mtu wa kawaida," nikasema.

"Mrefu? Mfupi?"

"Kama mimi."

"Mkali?"

"Hakupewa nafasi ya kuwa mkali."

Aliniangalia kidogo, kisha akarudi kwenye picha.

Tulipofika bustani kubwa, ile yenye bwawa katikati, niliwaacha kwenye kivuli na chupa za maji, nikajitenga kama mtu anayetafuta choo. Nikampigia simu binti yangu. Nyuma yake zilisikika sauti za wasichana na mashine ya kukausha nywele.

"Wanataka kaburi," nikamwambia.

"Kaburi gani?"

"La kwangu."

Nikasikia mlango unafungwa, na zile sauti zikafifia. "Waambie ni mbali."

"Nimesema jua kali. Hawasikii jua."

"Mama, nakuomba. Nakuomba sana. Harusi ni keshokutwa. Wapeleke kwenye kaburi lolote. Makaburi yote si yanafanana? Wataomba, watalia kidogo, mtarudi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama," akasema, na sasa alikuwa analia, "umevumilia miaka yote hii. Siku mbili tu zimebaki."

Sikumkasirikia hapohapo. Hasira ilinijia baadaye, na bado inakuja, asubuhi nyingine ninapowasha pasi. Pale bustanini niliona tu miguu yangu inatoka chini ya mti na kuwafuata wageni wale. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Haya, Bibi. Twendeni kwa mama."

Makaburi ya zamani yako nyuma ya barabara kubwa, na geti lake limeshikwa kwa waya. Teksi ilituacha hapo. Ndani ni majani mpaka magotini, mawe yaliyoinama na njia nyembamba za watu wachache wanaokumbuka. Nilitangulia mbele kama ninajua ninapokwenda. Wakati ule sikuwa najua kusoma. Herufi nimekuja kujifunza baadaye, ukubwani, kwa mtoto wa jirani. Kwa hiyo mawe yote kwangu yalikuwa mawe. Nilitafuta moja tu lenye sura ya kusahauliwa, ili maua mapya ya mtu yasitusute. Nikaliona pembeni, karibu na ukuta, limefunikwa na kuvu na kuzungukwa na magugu.

"Ni hapa," nikasema.

Bibi alisimama akalitazama. Kisha akaweka fimbo chini, akakunja nguo yake, akapiga magoti na kuanza kung'oa magugu kwa mikono mitupu.

"Bibi, utajichoma," nikasema.

"Baba mtu mwenye mahema na vipaza sauti," akasema, hajageuka, "na mke wake analala kwenye pori. Yaya, mnakujaga hapa?"

"Hatuji."

"Naona."

Nikapiga magoti upande wa pili, nikang'oa pamoja naye, maana ningefanya nini? Nilikuwa napalilia kaburi langu. Udongo ulikuwa mgumu, na magugu yale yalikuwa na mizizi mirefu myeupe. Mjomba alivua kofia yake kwa mara ya kwanza siku ile. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Hakufanya mzaha.

Bibi alipoona panatosha, alifuta mikono, akaiweka juu ya jiwe, akaanza kusema. Hakusema kwa sauti ya sala. Alisema kama mtu aliyemkuta mwenzake jikoni.

"Mama, sisi ndio tuliokuja kumchukua mwanao. Nyumbani tumemkuta baba yake, ametupokea vizuri, lakini baba hakubeba mimba. Kwa hiyo tumekuja kwako tukuombe. Mjukuu wangu simsifu sana. Si mlevi, hana mkono mwepesi wa kupiga, ila asubuhi ni mvivu wa kuamka, hilo sikufichi. Mwanao kwetu hatakuwa mtumishi. Wakigombana, atalala chumbani kwangu, na mumewe atakuja kusimama mlangoni mpaka amtake radhi. Na siku wakishindwana kabisa, kama binadamu wanavyoshindwana, hatatolewa na mfuko mkononi. Tutamrudisha kwa heshima tuliyomchukulia. Nakushukuru kwa kumzaa. Pole kwa kutomwona akikua. Najua hukupenda."

Sijawahi kushukuriwa. Sisemi hivi ili mtu anihurumie. Nimefua na kupiga pasi nguo za watu wengi, nao husema ahsante ya njiani. Lakini kwa ajili ya mtoto yule, hakuna aliyewahi kuniambia ahsante wala pole, si baba yake, si ndugu zake, si yeye mwenyewe. Na sasa nilikuwa naambiwa, na maneno yale yalikuwa yanaingia kwenye jiwe la mtu mwingine.

Mjomba naye alikuwa ameinama, anasugua kuvu kwenye jiwe kwa kitambaa chake cha jasho ili jina lionekane. Akasugua, akasita, akasugua tena.

"Mama," akamwita Bibi kwa sauti ndogo. "Hapa imeandikwa 'Baba yetu mpendwa'."

Magari yalikuwa yanapita nyuma ya ukuta.

"Labda Yaya amechanganya," Mjomba akasema haraka, na wema ulikuwa usoni kwake waziwazi. "Makaburi haya yanafanana kama mayai. Si hivyo, dada? Labda ni lile la pili. Lile pale, lenye pembe iliyovunjika."

Alinifungulia mlango. Nilichotakiwa ni kusema ndiyo. Bibi alikuwa ameshashika fimbo yake, anajiinua kwa taabu, tayari kwenda kupiga magoti upya kwenye jiwe jingine. Nilitazama magoti yake yalivyojaa udongo. Nikafikiria kumwacha mwanamke wa umri ule arudie maneno yale kwa mfu wa pili, na mimi nimesimama pembeni nimeshika mkoba wa karanga.

"Si lile," nikasema. "Hakuna kaburi. Mama yake ni mimi."

Mjomba alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Kisha akaacha.

Bibi hakushtuka. Alinitazama usoni, moja kwa moja, kama alivyokuwa akitazama zile picha za ukutani. "Uliondoka au uliondolewa?" akauliza.

"Niliondolewa."

"Na mtoto?"

"Alibaki. Nilikuwa namwona kwenye uzio wa shule."

"Yeye anajua kwamba tumeambiwa umekufa?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Ningeweza kusema hajui. Mdomo ulishafunguka, na nilihisi kila neno linalotoka linamkata mwanangu. "Anajua," nikasema. "Aliogopa. Ni mtoto, Bibi, na amelelewa katika nyumba ya watu wanaoogopa kuulizwa. Kama mna hasira, mimi na baba yake tupo. Yeye msimwache."

Bibi alikaa juu ya jiwe la jirani. Akaweka fimbo katikati ya magoti. Nikajua kwamba sasa harusi iko mkononi mwake, na mimi ndiye niliyeiweka hapo.

"Nilichosema pale," akasema hatimaye, "ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Chote?"

"Chote."

"Basi sirudii. Koo limekauka." Akamgeukia Mjomba. "Na huyu baba wa watu tumemsumbua bure. Hatumwachi nusunusu. Malizia ule upande."

Mjomba akapiga magoti na suruali yake ya safari, akang'oa magugu yaliyobaki. Tulimaliza kaburi la mtu tusiyemjua likawa safi kuliko yote yaliyo karibu na ukuta ule. Wakati wa kutoka, Mjomba alinipokea mkoba wake, kisha akachukua na wangu. "Tangu tulipotoka nakutuma kama tarishi," akasema. "Dada, nisamehe. Kula karanga."

Sikuweza kuzila.

Tuliporudi, mahema yalikuwa yamesimama na sebule imejaa. Bomba alikuwa kwenye kiti chake kikubwa, na Bibie kando yake na sinia la vinywaji. Bomba alisimama kumpokea Bibi.

"Karibuni, Mama. Mmeuonaje mji?"

"Mji ni mkubwa," Bibi akasema. "Tumefika na kwa mama wa binti."

Uso wa Bomba ulijipanga vizuri. "Ahsanteni sana. Mungu amlaze pema."

"Hajalala. Yule amesimama mlangoni, na hajapewa hata kiti."

Watu waligeuka. Nilikuwa na udongo kwenye nguo mpaka kiunoni. Kaka mkubwa wa Bomba, aliyekula chakula changu miaka mingi, alitazama chini kwenye kapeti. Bibie aliweka sinia mezani taratibu, glasi moja moja zikalia.

"Mama," Bomba akasema, "haya ni maneno marefu."

"Yafupishe."

Hakuyafupisha wala hakuyarefusha. Nimesubiri miaka mingi kumwona mtu yule akikosa neno, na nilidhani nitafurahi. Nilimwona tu amezeeka.

"Mjukuu wangu nimeshampigia simu njiani," Bibi akaendelea. "Amesema yeye anaoa binti, hamuoi baba wa binti. Nami nasema hivyo. Harusi ipo. Ila keshokutwa, mama wa binti atakaa penye kiti cha mama wa binti. Asipokaa yeye, mimi pia nitasimama, na nina miguu mibovu."

Hapo nilipaswa kutoka nikiwa mshindi. Lakini binti yangu alikuwa kwenye korido, nywele nusu zimesukwa, amesikia yote. Alinishika mkono, akaniingiza jikoni, akafunga mlango.

"Umeniaibisha," akasema. "Mbele ya ukoo mzima. Mchumba wangu amejua kwa simu, kutoka kwa bibi yake, kwamba mimi ni mwongo."

"Na bado anakuoa."

"Si kwa sababu yako! Nilikuomba siku mbili. Siku mbili, Mama! Ningekuja kwako baadaye. Ningewaleta watoto kwako."

"Ungewaambia mimi ni nani?"

Akaanza kuchezea msuko wake.

"Ungewaambia, msalimieni yaya wa mama. Wangenisalimu. Wangekuwa watoto wenye adabu." Nikajaribu kumfuta machozi, akageuza uso. "Mwanangu, bibi yule alipiga magoti kwenye kaburi la mwanamume asiyemjua, akaniomba wewe. Nami nipo. Ningemwachaje bila kumjibu?"

"Ungemwacha kama ulivyoniacha mimi," akasema.

Neno lile analijua si la kweli, na baba yake ndiye aliyempa, lakini limekaa ndani yake muda mrefu kuliko mimi. Nilitoka nikaenda kuosha mikono.

Harusi ilifanyika. Nilikaa mbele, na nguo niliyoipiga pasi mwenyewe, Bibi upande mmoja na Mjomba upande mwingine akiwa na kofia mpya. Mshereheshaji alipowaita wazazi, nilisimama, na baadhi ya watu wa mtaa wa zamani wakanong'ona, wengine wakapiga makofi. Binti yangu alipita kutoa mikono ya shukrani. Alimkumbatia Bibie. Mimi alinipa mkono, ulikuwa wa baridi, akapita. Bibi aliona. Aliweka kiganja chake gotini kwangu, akakiacha hapo mpaka wimbo ulipokwisha.

Tangu hapo binti yangu hajaja dobi. Kreti ile niliirudisha kwenye duka la soda, mwenyewe alikuwa anaihitaji. Nasikia ana mimba; aliyeniambia ni mumewe. Kijana yule hunipigia simu siku za mapumziko, asubuhi kwa kuchelewa, sauti yake bado ina usingizi. Huniuliza hali, huniuliza mgongo, kisha husema, "Mama, mwenzangu yuko hapa, ngoja nimpe simu." Nasikia wanavutana kwa kunong'ona. Kisha yeye ndiye anayerudi hewani, anasema, "Anaoga."

"Haya, baba," namwambia. "Akitoka, mwambie mama yake amempigia."

"Lakini mimi ndiye niliyepiga, Mama."

"Mwambie hivyohivyo."